Herufi za Kushoto

Si giza. Giza ningelijua,
ningelipapasa, ningeulizia kibiriti.
Wewe, kisogoni mwako unaona nini sasa hivi?
Hicho ndicho ninachokiona kushoto.

Ngazi ilikuwa ya kuazima, Buguruni, nyuma ya sheli.
Nilikuwa nimebakiza herufi mbili za KINYOZI.
Wanasema nilianguka pamoja na kopo la bluu,
na kwamba Hamduni, yule kijana wa chipsi,
ndiye aliyenifunga kichwa kwa fulana yake.
Siku kumi na tisa za Muhimbili sina habari nazo.

Daktari alinikalisha mbele ya bakuli jeupe,
nibonyeze kila nionapo nukta ya mwanga.
Nikabonyeza, nikabonyeza, nikajiona hodari.
Akanionyesha karatasi: nusu nyeupe, nusu wino mtupu.
"Macho yako mazima, Kibwana. Yanaleta mzigo,
ila ghalani hakuna wa kuupokea."
Kwenye cheti akaandika UBONGO.
Mimi nikasoma BONGO,
nikacheka mpaka mshono ukavuta:
kumbe ni mji ndio ulioumia.

Tangu hapo vibao vyote vya njiani vinanitania.
Ilala inaniambia lala.
Kariakoo, koo.
Mabibo limebaki bibo moja, Ubungo ni bungo tu,
na ule ukuta nilioupaka mwenyewe mwaka juzi,
kwa rangi nyekundu, ndugu wakigombea urithi nyuma yangu,
NYUMBA HII HAIUZWI,
sasa unasema uzwi.
Uzwi! Dalali yeyote angepiga hodi.

Miaka ishirini na mbili nachora maneno
na sikuwahi kugundua Kiswahili kimeweka kushoto
nani, lini, na ile hapana yenyewe.
Niliandika SITAKUFA kwa chaki, kujaribu.
Nikasoma kufa. Nikafuta kwa kiganja.
Nimebaki na kulia.
(Upande tu, usinihurumie.)

Watoto wa jirani hunipa shikamoo kutoka kule
wakasubiri marahaba mpaka wakachoka.
Mtaani inasemwa Mzee Kibwana siku hizi anaringa.
Bodaboda huzaliwa hewani, begani pangu, na tusi lake.
Nakula nusu ya wali, nalalamika umepungua,
mke wangu hasemi kitu, anazungusha sahani,
na samaki anatokea, mzima,
jicho lake likinitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu.

Mke wangu anaitwa Sikudhani.
Akipiga simu, kioo kinaandika kwangu: dhani.
Miaka kumi na saba ya ndoa, imekuwa dhana.

Yeye ndiye aliyepaka rangi ya kucha ukingoni mwa meza,
akashona uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto wa kila shati.
"Usianze kusoma mpaka uone nyekundu."
Basi nageuza shingo kama feni iliyoingia vumbi,
tk, tk,
natafuta nyekundu.

Wiki iliyopita nilichora tena, saluni ya Mwantumu.
Nilianzia katikati ya ubao bila kujua,
kushoto kukabaki kiwanja kitupu, cha kutosha kujenga.
Alinilipa nusu. Sikubishana.

Leo asubuhi nilikaa barazani peke yangu.
Nikailaani ngazi, nikamlaani mwenye ngazi,
nikataja hata zile pesa za kikoba nilizoficha kwenye kopo la vanishi.
Ndipo nikakumbuka mazoezi.
Tk.
Ukuta. Ndoo.
Tk.
Ungo, punje za mchele, kidole chenye rangi nyekundu,
na mwenye kidole, kimya, amesikia yote.

Kwanza dhani.
Halafu, shingo ikiniuma, siku.